Kamera Iwe ya Mwisho: Kumpiga Picha Samaki Aliye Tangini

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, nanyi vijana wa kamera mliokuja kutoka kila pembe ya Nairobi, hamjambo. Nashukuru kwa kualikwa. Nimeombwa nijibu swali moja: mtu anayetaka kupiga picha za samaki walio tangini kwake anunue kamera gani?

Swali hili naulizwa kila mahali, na kwa kawaida anayeuliza tayari ana jina la kamera mdomoni. Ameiona kwenye dirisha la duka pale Kimathi Street, au amesifiwa na rafiki anayepiga picha za harusi na mahafali. Mimi humrudisha nyuma kidogo. Namuuliza: tangi lako lina kina gani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma? Samaki wako ana urefu gani? Taa iliyo juu ni ya aina gani? Kamera ya kazi hii huchaguliwa kwa kuanzia tangini kuja nje. Kwanza mwanga, kisha kioo na maji, kisha lenzi, na mwili wa kamera mwisho kabisa. Wengi wetu tunanunua kinyumenyume. Pesa zote zinaishia kwenye mwili wa kamera, halafu picha zinatoka zilezile tulizokuwa tukipiga kwa simu.

Tuanze na mwanga, na hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Ukiketi sebuleni jioni, tangi linang'aa kuliko kitu chochote chumbani, na macho yanakuambia mwanga upo tele. Kamera haikubaliani na macho. Chukua lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Samaki anayeogelea taratibu anahitaji shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ya 1/125 ya sekunde asitoke na ukungu. Anayemfukuza mwenzake anataka 1/250 au zaidi. Kwa taa ya kawaida ya tangi, vitu hivyo viwili vinakusukuma kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, mara nyingi hata 6400. Hapo picha inajaa chenga, mistari ya mapezi inafutika, na jicho la samaki linakuwa doa jeusi tu. Mwenye picha analaumu kamera, na kamera haina kosa. Imenyimwa mwanga.

Waliotutangulia walilijua hili. Mwaka 1926, W. H. Longley na Charles Martin walipiga picha za rangi za samaki chini ya maji huko Florida, Marekani, na zikachapishwa na jarida la National Geographic mwaka 1927. Sahani za kioo za kunasia picha za rangi za wakati ule zilikuwa nzito mno kupokea mwanga. Wakaweka unga wa magnesi juu ya chombo kinachoelea, wakaulipua kila walipopiga picha, bahari ikaangaza kwa kufumba na kufumbua. Ilikuwa hatari kubwa, lakini bila mwanga ule hakungekuwa na picha.

Sisi hatuhitaji baruti. Tuna flashi. Flashi ndogo ya betri nne, kama Yongnuo YN560 au Godox TT600, ndiyo kitu cha kwanza ninachomwambia mtu anunue, hata kama kamera bado ni ya kuazima. Ila isikae juu ya kamera. Ukiiacha pale, mwanga unagonga kioo cha mbele na kukurudia moja kwa moja kwenye lenzi, na utakachopata ni duara jeupe lililomfunika samaki. Kila mmoja wetu ameiona picha ya namna hiyo. Iondoe kwenye kamera, ipandishe juu ya tangi, ielekeze chini majini, na uiwashe kwa kifaa cha redio kinachokaa mahali pake juu ya kamera. Mwanga sasa unaingia kwa juu kama jua linavyoingia ziwani, unampata samaki mgongoni na ubavuni, na kioo cha mbele hakina cha kurudisha.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Flashi ikiwaka kwa nguvu yote, mwako wake huchukua takriban 1/300 ya sekunde. Ukiipunguza hadi robo, mwako unakuwa mfupi zaidi, 1/1000 au hata chini ya hapo, na ukizidi kuipunguza mwako unazidi kufupika. Chumba kikiwa na giza kiasi, ni mwako huo unaomkamata samaki, shata haina kazi hiyo tena. Kwa hiyo unaweka shata 1/160, ambayo kamera nyingi huelewana nayo pamoja na flashi, unafunga tundu hadi f/8 au f/11, unashusha ISO hadi 200, na samaki anayeruka kufuata chakula anatoka amesimama tuli, kila mwiba wa pezi ukihesabika. Kamera ya miaka kumi na mitano iliyopita inaifanya kazi hii vizuri sana. Ndiyo maana nasema mwanga kwanza.

Kuhusu ubavu wa samaki niongeze neno. Mng'ao ule wa fedha na buluu tunaoupenda hautokani na rangi iliyopakwa kwenye ngozi. Ndani ya ngozi mna fuwele ndogo sana za guanini zilizopangwa kwa tabaka, na fuwele hizo hurudisha mwanga kulingana na pembe unayoingilia. Flashi ikiwa nyuma kidogo ya samaki, ubavu unakuwa mweusi na rangi haionekani. Ukiisogeza mbele kwa upana wa kiganja, karibu na kioo cha mbele lakini bado ikiangalia chini na nyuma kidogo, buluu inaamka. Ukiizidisha mbele, ubavu unaungua na kuwa mweupe mtupu. Kwa samaki mwenye mng'ao mkali, funika flashi kwa kipande cha plastiki nyeupe, hata kifuniko cha sanduku la chakula, ili mwanga utawanyike. Kazi hii ya kusogeza flashi kidogo kidogo ndiyo inayotenganisha picha na picha, na haigharimu shilingi.

Usalama sasa. Flashi iliyo juu ya maji ikianguka, imekufa, na samaki wako hatarini. Weka kifuniko cha kioo juu ya tangi, flashi ikae juu ya kifuniko, na uifunge kwa kamba hata hivyo. Jingine ni flashi za zamani za miaka ya 1970 na 1980 zinazopatikana kwa bei ya kutupa. Baadhi yake hupeleka volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na kamera za siku hizi haziwezi kuzibeba. Vivitar 283 za mwanzoni zinajulikana kwa hilo. Ukiipata nzuri na rahisi namna gani, usiivishe kamera ya kisasa.

Na samaki je, hawaumii? Nashukuru kila ninapoulizwa, maana anayeuliza hivyo ni mfugaji wa kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia samaki wa sakafu ya bahari, wakiwemo farasi-bahari, ukaona kwamba flashi haikuwasumbua kuliko uwepo wa mtu mwenyewe. Walichoteseka nacho ni kushikwashikwa. Ninachoomba mimi ni kwamba taa ya tangi iwe imewaka wakati unapiga. Usimmulike samaki aliye gizani. Anashtuka, anajigonga kwenye kioo, na rangi zake zote zinazimika.

Kwa asiyetaka flashi, njia ni kuongeza taa ya pili juu ya tangi na kuishusha karibu na maji. Lakini ajihadhari na taa za LED za bei nafuu. Stima yetu ni ya hezi 50, na taa isiyo na kifaa kizuri ndani yake huwaka na kufifia mara 100 kwa kila sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona, na picha inatoka na mistari ya giza inayokatiza tangi zima, hasa ukitumia shata ya kimya ya elektroniki. Ukishusha shata hadi 1/100 au 1/50 mistari inapungua, lakini samaki anaanza kutoka na ukungu. Badilisha taa.

Sasa kioo. Mwanga unapotoka majini kupita kwenye kioo kuja hewani, unapinda. Ukimtazama samaki wima kabisa, kioo na lenzi vikiangaliana sawasawa, kupinda huko hakukudhuru. Anaonekana tu kana kwamba yuko karibu zaidi, kwenye robo tatu hivi ya umbali wake halisi. Ukimpiga kwa kukingama, rangi zinaachana pembeni mwa kila gamba na picha nzima inalegea. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoliponya hilo. Kwa hiyo simama wima mbele ya samaki, na umngoje afike ulipo. Mfuko wa mpira unaovaa mbele ya lenzi ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Unaugusisha kwenye kioo, unaziba vivuli vya chumba, na mkono nao unapata pa kuegemea. Usipokuwa nao, kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi katikati kinatosha. Zima taa za sebule, zima televisheni, vaa nguo nyeusi.

Kioo kisafishwe ndani na nje. Maji yabadilishwe siku moja au mbili kabla, kwa kuwa maji mapya ya mfereji huacha vipovu vidogo kwenye kioo na majani. Chujio lizimwe dakika chache kabla ya kupiga ili uchafu utulie, na liwashwe tena ukimaliza. Watu husahau hiyo sehemu ya pili.

Lenzi. Hapa ndipo yale maswali yangu ya kina cha tangi na urefu wa samaki yanapoingia.

Kamera nyingi tunazoziona hapa mjini zina sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ya ukubwa uitwao APS-C, yenye upana wa milimita 22 hadi 24. Lenzi ya kawaida ya 18-55, ukiisogeza karibu kabisa na inavyoruhusu, huchora kitu kwa takriban theluthi moja ya ukubwa wake halisi juu ya sensa hiyo. Maana yake, samaki wa sentimita sita au saba anajaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Fikiria hilo vizuri. Mwenye samaki wa dhahabu, mwenye samaki malaika, mwenye fulu wa maziwa yetu wa sentimita kumi, lenzi aliyopewa na kamera inamtosha, mradi tu ana flashi. Nimewaona watu wakiuza vitu vya nyumbani ili wanunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, wasiyoihitaji, na hilo huniuma.

Anayeihitaji ni mwenye samaki wadogo: gapi, tetra, kamba wadogo wa maji baridi, na wale Nothobranchius wetu wa vidimbwi vya pwani. Pia anayetaka uso tu, jicho na mdomo. Kwa hao, lenzi ya makro ya kweli hufika kipimo cha moja kwa moja (1:1), yaani kitu cha milimita 20 kinachorwa milimita 20 kwenye sensa. Uchaguzi huwa kati ya milimita 60 na milimita 90 au 100. Lenzi za milimita 60 kama zile za Canon na Nikon hufokasi hadi sentimita 20 hivi kutoka kwenye sensa. Ile ya 100 ya Canon au 90 ya Tamron hukutaka usimame kama sentimita 30. Kwa tangi dogo la mezani, 60 inakutosha kabisa. Kwa tangi la futi nne ambamo samaki hupenda kukaa nyuma, 90 au 100 humfikia bila kumtisha. Mimi ningeambiwa nichague moja kwa nyumba nyingi za Nairobi, zenye matangi ya futi mbili au tatu, ningechukua 60.

Kuna mabomba matupu ya kuongeza urefu, yanayovaliwa kati ya lenzi na kamera. Hayana kioo ndani, ni rahisi, na huifanya lenzi ya milimita 50 ikaribie makro. Hula mwanga kidogo, lakini flashi ipo. Ni njia nzuri ya kijana kuanzia.

Jueni pia kwamba ukikaribia, sehemu iliyo kwenye fokasi hupungua mno. Samaki akijaza picha, hata ukiwa kwenye f/11 una kama sentimita moja tu ya kuchezea. Kwa hiyo fokasi iende kwenye jicho, na samaki awe ubavu. Akikugeukia uso, jicho liwe kali na mkia uache upotee. Wengi wanaojua kazi hii huzima fokasi ya kamera, wanaweka umbali mmoja, kisha wanasubiri samaki aogelee hadi kwenye umbali huo. Lisha kidogo, na ulishe mahali pamoja. Atakuja.

Kabla sijafika kwenye mwili wa kamera, naomba mniruhusu niseme kwa nini jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Sisi tumekaa kati ya maziwa yenye samaki ambao dunia nzima huwatafuta. Ziwa Victoria lilikuwa na jamii mamia za fulu, na nyingi kati ya hizo zilipotea katika miaka ya 1980 baada ya mbuta, yaani sangara, kuenea, maji yakachafuka. Mwaka 1985 wataalamu walimpa mmoja wa fulu hao jina la Mwalimu Nyerere. Leo tunamwita Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu wa moto na mistari myeusi ubavuni. Mwaka 1997 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji yanapokuwa machafu mwanga unabadilika, majike hawazioni tena vizuri rangi za madume, na jamii zilizokuwa mbalimbali zinaanza kuchanganyika. Ona basi: mwanga ule ule tunaohangaika nao sebuleni ndio unaoamua ni samaki gani watabaki ziwani.

Huku Kenya tuna Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, kando ya kinamasi cha Yala. Humo amejificha ngege, Oreochromis esculentus, aliyekaribia kuisha Ziwa Victoria. Humo pia yumo fulu wa rangi nyekundu na kijani, Xystichromis phytophagus, ambaye wafugaji wa ng'ambo wanamjua kuliko tunavyomjua sisi. Samaki akifa, rangi hizo hazikai. Zinafifia, na akitiwa kwenye dawa ya kumhifadhi zinatoweka. Hata akiwa hai, dume akinyakuliwa kwa wavu hupauka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo picha nzuri ya samaki mzima, aliyetulia, kwenye tangi lenye mwanga sahihi, ni kumbukumbu ambayo chupa ya makumbusho haiwezi kuibeba. Wataalamu wenyewe hutumia tangi dogo jembamba, na kipande cha kioo cha kumsogeza samaki taratibu mbele, ili wampige picha kabla ya kumrudisha. Fundi yeyote wa vioo anaweza kukukatia tangi la namna hiyo: upana wa sentimita nane, urefu wa thelathini, kioo cha milimita nne. Ukimpiga samaki wa asili yetu, andika alikotoka na tarehe. Picha isiyo na mahali ilipotoka ni pambo tu.

Haya, mwili wa kamera.

Kwa kuwa umeshajua mwanga na lenzi, orodha ya unachotaka inakuwa fupi. Unataka kamera inayokuachia uamue shata, tundu na ISO mwenyewe. Unataka ihifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ili ukikuta samaki ametoka wa kijani kwa sababu ya taa, uzirekebishe rangi bila kuiharibu picha. Unataka iweze kuamuru flashi iliyo mbali nayo. Basi. Fokasi ya kasi ya kupigia mpira, video za kila aina na idadi kubwa ya megapikseli havikusaidii sana hapa. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina megapikseli 12, na hizo zinatosha kuchapisha ukurasa mzima wa A4 wenye picha safi. Nikon D7000 na Canon 60D za mwaka 2010, au Canon 600D ya mwaka 2011, bado ni kamera nzuri mno kwa kazi hii, na zipo za mtumba.

Sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 inapendeza kwa mambo mengi, lakini kwa samaki inakuzidishia taabu. Ili samaki yuleyule aijaze, inabidi umkuze zaidi, fokasi inazidi kuwa nyembamba, unafunga tundu zaidi, unahitaji mwanga mwingi zaidi. Mwenye pesa na flashi mbili ataifurahia. Kwa tulio wengi, APS-C ndiyo mahali pake. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), za Sony, Fujifilm au Canon, ni nzuri vilevile, na zinakuonyesha kwa rangi mahali palipo kwenye fokasi. Ukitumia flashi nazo, zima ile hali ya kuonyesha mwangaza wa picha kabla ya kupiga, la sivyo utaangalia skrini nyeusi.

Mitego ya dukani sasa, naomba muiandike. Kamera za Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake, kama D3200 au D5300, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizivalisha lenzi ya zamani isiyo na mota yake, utazungusha kwa mkono. Kwa samaki hilo linavumilika, ila lijue kabla hujalipa. D90 na D7000 zina mota. Kwa upande wa Canon, tazama kile kibati cha juu panapovaa flashi. Katikati pawe na kidoti cha chuma. Baadhi ya kamera za bei nafuu, kama 4000D na 250D, hazina kidoti hicho, na flashi nyingi za makampuni mengine pamoja na vifaa vyake vya redio havitawaka. Nimekutana na kijana aliyeuziwa mojawapo, akiambiwa flashi zake zote zimeharibika. Zilikuwa nzima.

Ukifika dukani, omba uijaribu palepale juu ya kaunta. Lenzi ikiwa imeandikwa makro, toa sarafu ya shilingi kumi, ile yenye simba, iweke chini, sogea hadi mahali pa karibu kabisa lenzi inapofokasi, upige. Makro ya kweli kwenye sensa ya APS-C haiwezi kuimeza sarafu nzima, kingo zitakatika. Sarafu ikionekana yote na nafasi ikabaki pembeni, neno hilo limeandikwa tu kwa kuuzia. Kisha funga tundu hadi f/22, piga karatasi nyeupe, ikuze kwenye skrini uangalie vidoti vya vumbi kwenye sensa. Vichache huondoka kwa kusafisha. Mwisho elekeza lenzi kwenye taa, utazame ndani. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Lenzi zilizokaa pwani kwenye joto na unyevu huipata sana. Iache, hata bei ikiwa tamu.

Wenye simu nisiwasahau, maana ni wengi humu. Ikiwa picha zako ni za kuwatumia jamaa kwenye WhatsApp au kumuonyesha mnunuzi samaki unaowauza, usinunue kamera. Nunua taa ya pili. Gusisha simu kwenye kioo, iwe wima, bonyeza na ushikilie juu ya samaki ili fokasi ifungwe, shusha mwangaza kidogo ili rangi zisiungue, kisha piga mfululizo. Usikuze kwa vidole; sogea wewe. Samaki watulivu, malaika na konokono wa tangini, watatoka vizuri kabisa. Wa mbio watakushinda, na hapo ndipo kamera na flashi zinapostahili pesa zako. Wenye matangi ya bahari yenye taa za buluu, wekeni kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya lenzi, la sivyo matumbawe yote yatatoka buluu tupu.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Hapo mezani kuna tangi la futi mbili lenye fulu wawili na kundi la gapi, flashi imeshafungwa juu ya kifuniko, na kifaa cha redio kinavaa kwenye Canon na Nikon. Aliyekuja na kamera aje nayo, kibati cha juu tukiangalie kwanza. Wenye simu mtangulie, kwa sababu nyinyi mnahitaji taa mbili zikiwa zimewaka na pazia likiwa limefungwa. Naomba walio karibu na dirisha watusaidie kulifunga.